Ulevi wa chuoni huanza kabla ya chuo
Zipo dalili ambazo mzazi na mwanafunzi wanaweza kuziona mapema, kabla ya chupa kuwatawala

JUMATATU moja asubuhi, kabla sijavaa hata koti langu jeupe, mama mmoja aliingia katika kliniki yangu akiwa amemshika mkono mwanawe wa miaka 20. Kijana huyo alimpita mamaye kwa kimo, lakini siku hiyo alitembea ameinama kama mzee aliyechoka. Usiku wa Jumamosi alikuwa ametapika damu. Rafiki zake walimlaza katika chumba alichokodi karibu na chuo, wakamfunika blanketi, wakamwacha alale mpaka pombe imtoke. Mamaye alipata habari Jumapili jioni.

"Daktari," mama alisema kabla hata hajaketi, "mtoto huyu nilimpeleka chuoni hajui hata harufu ya pombe. Sasa yuko mwaka wa pili tu. Aliharibikia wapi?"

Sikumjibu mara moja. Nilifungua faili ya kijana na nilichokiona humo kilininyima raha. Mwaka uliotangulia alikuja kwangu mara tatu wakati wa likizo. Mara ya kwanza alilalamikia kiungulia, mara ya pili maumivu ya tumbo, mara ya tatu kukosa usingizi. Kila mara nilimwandikia dawa na kumwambia apunguze pilipili. Hakuna mahali nilipoandika kwamba nilimuuliza kama anakunywa pombe, kwa sababu sikumuuliza. Nilimwona mtoto wa mama ninayemheshimu, mtoto wa kanisani, nikadhani swali hilo lingemwaibisha.

Ndiyo sababu, mpenzi msomaji, naandika makala haya. Nimebadilisha mambo kadhaa ili kijana huyo asitambulike, lakini kisa chenyewe ni cha kweli na pengine si kigeni kwako. Huenda una mwana au binti chuoni. Huenda wewe mwenyewe ni mwanafunzi na unasoma ukurasa huu ukiwa bwenini. Jambo ninalotaka ulijue ni hili: ulevi wa mwanafunzi hauanguki kutoka mbinguni siku anapopewa ufunguo wa chumba chake. Huja na dalili, na nyingi ya dalili hizo huonekana mapema, nyingine hata miaka kadhaa kabla ya barua ya kuitwa chuoni.

Dalili si hukumu

Kazi ya daktari si kutibu pekee. Ni kutabiri pia. Mtu mnene, anayevuta sigara, ambaye babake aliugua kiharusi, nikimwona leo namwambia aangalie shinikizo la damu hata kama hasikii maumivu yoyote. Simwambii kwamba ni lazima atapatwa na kiharusi. Namwambia tu kwamba yuko karibu na shimo kuliko wenzake, hivyo akanyage kwa uangalifu.

Pombe ni vivyo hivyo. Watafiti wamechunguza kwa miaka mingi ni wanafunzi gani wanaoelekea kunywa na ni wepi wanaoelekea kujiepusha, na wamepata mambo yanayojitokeza tena na tena. Hapa kwetu, uchunguzi uliofanyiwa wanafunzi 500 wa vyuo vya mji wa Eldoret na kuchapishwa mwaka wa 2011 ulionyesha kwamba takriban nusu yao walikuwa wamewahi kunywa pombe. Hiyo ina maana pia kwamba takriban nusu hawakuwa wamewahi kuigusa. Ikumbuke hesabu hiyo ya pili, maana nitairudia hapo mbele.

Je, ni mambo gani hayo yanayotenganisha makundi haya mawili?

Kwanza, nyumbani

Nilipomwomba mama atupishe kidogo, kijana alinieleza jambo ambalo mamaye hakulijua. Pombe aliionja mara ya kwanza akiwa darasa la saba, katika sherehe ya mahari kijijini. Mjomba wake alimpa pembe ya muratina mbele ya wazee, wote wakacheka na kusema sasa amekuwa mwanamume.

Wazazi wengi hudhani watoto hujifunza kunywa kutoka kwa watu wabaya wa mitaani. Ukweli ni kwamba mwalimu wa kwanza mara nyingi ni jamaa. Mtoto anayetumwa dukani kumnunulia baba bia, anayeona kila furaha na kila huzuni ya familia ikisindikizwa na chupa, anafunzwa somo ambalo hakuna mahubiri yatakayolifuta kwa urahisi.

Isitoshe, kuna urithi wa damu. Mnamo 1973 watafiti walichapisha uchunguzi kuhusu wanaume wa Denmark waliokuwa wamechukuliwa na kulelewa na familia nyingine tangu walipokuwa wachanga. Wale ambao mzazi wao wa kuwazaa alikuwa mlevi walikuwa na uwezekano wa takriban mara nne wa kuwa walevi kuliko wenzao, ingawa hawakukua pamoja na mzazi huyo. Uchunguzi wa pacha uliofuata umeonyesha kwamba takriban nusu ya hatari ya kuwa mtumwa wa pombe hutokana na maumbile tunayorithi. Nusu nyingine ni malezi, marafiki, mazingira na uamuzi wa mtu mwenyewe.

Kwa hivyo, ikiwa katika ukoo wenu kuna baba, nyanya au mjomba aliyeangamizwa na pombe, usimfiche mtoto wako. Mwambie waziwazi, kama vile ungemwambia kuna kisukari katika ukoo. Siri ya namna hii haimkingi mtoto na lolote.

Pili, umri wa tone la kwanza

Mnamo 1997 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi mkubwa wa maelfu ya watu. Miongoni mwa wale walioanza kunywa wakiwa na umri wa miaka 14 au chini, zaidi ya asilimia 40 walikuja kuwa watumwa wa pombe wakati fulani maishani mwao. Miongoni mwa wale walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi, ni karibu asilimia 10 tu.

Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na kwamba watoto wenye matatizo mengine ndio huanza mapema. Hata hivyo, tunajua pia kwamba ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi anapokaribia umri wa miaka 25, na sehemu inayochelewa zaidi kukomaa ni ile ya mbele, inayotuzuia kufanya mambo bila kufikiri. Sheria ya vileo ya mwaka wa 2010 iliweka umri wa kuuziwa pombe kuwa miaka 18, na sera ya kitaifa iliyozinduliwa Julai 2025 ikapendekeza upandishwe hadi 21. Watu walibishana sana. Mimi kama daktari nasema hivi: kila mwaka ambao kijana anauchelewesha mwanzo huo ni faida kwake, sheria iseme 18 au iseme 21.

Hapa kuna kipindi ambacho wazazi wengi hukisahau. Mtahiniwa wa KCSE humaliza mtihani Novemba, na kwa kawaida huitwa chuoni mnamo Agosti au Septemba ya mwaka unaofuata. Hiyo ni miezi tisa hivi ya kungojea. Kijana aliyezoea kengele ya shule ya bweni sasa hana kengele, hana kazi, na wenzake wa mtaani wako katika hali iyo hiyo. Wengi huniambia kwamba unywaji wao halisi ulianza hapo, wala si chuoni. Mtafutie kijana wako jambo la kufanya katika miezi hiyo, hata kama ni kusaidia dukani au kujifunza kuendesha gari.

Tatu, kichwa kigumu

Yuko kijana katika kila kundi ambaye wenzake humsifu kwamba pombe haimshiki. Wengine wakianza kuyumba, yeye bado anasema vizuri na hata anawasindikiza nyumbani. Yeye mwenyewe hujiona salama.

La hasha! Huyo ndiye wa kuogopewa zaidi. Daktari Marc Schuckit wa California, Marekani, alianza miaka ya sabini kuwachunguza vijana wa kiume, akiwapa kiasi maalum cha pombe na kupima jinsi ilivyowaathiri, kisha akawafuatilia kwa miaka. Wale ambao pombe iliwaathiri kidogo ndio waliokuwa na hatari kubwa zaidi ya kuwa walevi baadaye. Sababu si ngumu kuielewa. Mtu anayelewa haraka huambiwa na mwili wake aache. Asiyelewa haraka hana wa kumwambia, basi huendelea kuongeza, na ini lake na ubongo wake hulipa gharama hata kama miguu haiyumbi.

Mgonjwa wangu alikuwa mmoja wao. "Daktari, mimi hata wenzangu walikuwa wakiniita tanki," aliniambia, na nikaona tabasamu dogo likimtoka. Sifa hiyo ilikuwa imekaribia kumuua.

Nne, marafiki, na hesabu isiyo sahihi

Katika uchunguzi ule wa Eldoret, takriban robo tatu ya wanafunzi waliotumia vileo na dawa za kulevya walisema walianzishwa na rafiki. Hili halishangazi. Mwanafunzi mpya hufika chuoni peke yake, hana ndugu wala mwalimu wa zamu, na kitu anachokihitaji kuliko hata chakula ni mtu wa kuketi naye.

Lakini kuna jambo la kina zaidi ya shinikizo la marika. Mnamo 1986 watafiti wawili, Perkins na Berkowitz, walichapisha uchunguzi wao kuhusu chuo kimoja katika jimbo la New York. Waliwauliza wanafunzi maoni yao wenyewe kuhusu pombe, kisha wakawauliza wanadhani wenzao wana maoni gani. Wengi walisema kwamba wao binafsi wanapendelea kiasi, lakini wakadhani wenzao wanapenda ulevi. Yaani kila mmoja alijiona yuko peke yake, ilhali waliokuwa na maoni kama yake ndio waliokuwa wengi! Uchunguzi mwingi uliofanywa baadaye katika vyuo vingine umepata jambo hilo hilo, tena umeonyesha kwamba kadiri mwanafunzi anavyodhani wenzake wanakunywa sana, ndivyo naye anavyoelekea kunywa zaidi.

Fikiria mwenyewe. Ijumaa usiku bwenini, walevi kumi hurudi wakiimba na kugonga milango. Watu wote huwasikia. Wanafunzi tisini waliolala au wanaosoma hawamwamshi mtu. Asubuhi, mwanafunzi mpya husema, "Hapa kila mtu anakunywa." Na huo ni uongo uliotengenezwa na kelele. Kumbuka hesabu niliyokuomba uikumbuke: Eldoret, takriban nusu ya wanafunzi hawakuwa wamewahi kunywa.

Ewe mwanafunzi, ukilichukua jambo moja tu katika makala haya, lichukue hili. Unapokataa chupa hauko peke yako. Wako wengi wanaongoja tu mtu wa kwanza wa kusema "hapana" ili nao waseme.

Tano, kile anachokitarajia

Muulize kijana wa miaka 15 ambaye hajawahi kunywa: pombe hufanya nini? Akijibu kwamba humfanya mtu awe mchangamfu, aweze kuzungumza na wasichana na asahau matatizo, jua kwamba mlango uko wazi nusu. Watafiti wamegundua kwamba matarajio ya namna hii hutabiri vizuri ni nani atakayekunywa na kwa kiasi gani.

Mengi ya matarajio hayo ni ya kichwani tu. Mnamo 1973 Alan Marlatt na wenzake wa Marekani walichapisha jaribio ambalo baadhi ya watu waliambiwa wanapewa pombe ilhali walipewa maji ya toniki matupu. Walevi walioshirikiana nao walikunywa zaidi kwa sababu waliamini ni pombe, wala si kwa sababu ilikuwa pombe. Uchangamfu anaoutafuta mwanafunzi mwenye haya katika chupa, kwa kiasi fulani anao tayari. Chupa imempa ruhusa tu.

Sita, pesa na makao

Nchini Kenya mkopo wa HELB umewasomesha watoto wa maskini wengi, na hakuna anayeutilia shaka umuhimu wake. Hata hivyo, kijana ambaye hajawahi kushika shilingi elfu tano kwa mara moja, akipata maelfu kwenye simu siku moja, anahitaji mpango wa matumizi kabla pesa hazijaingia. Wahudumu wa baa zilizo karibu na vyuo huijua siku hiyo kama wanavyoijua Krismasi.

Makao nayo yana uzito wake. Anayeishi na wazazi huelekea kunywa kidogo kuliko anayeishi peke yake au na marafiki. Siku hizi mabweni ya vyuo hayatoshi, kwa hivyo maelfu hukodi vyumba mitaani, kama vile Juja, Kahawa Wendani au Ngara, ambako hakuna mlinzi wa bweni wala saa ya kufunga lango. Sheria ya 2010 ilikataza leseni ya baa ndani ya mita 300 kutoka shule za walio chini ya miaka 18. Mwanafunzi wa chuo, ambaye ana miaka 19, hakulindwa na kipimo hicho.

Acha nikupigie hesabu ambayo wanafunzi wengi hawaijui. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe halisi. Shirika la Afya Duniani, WHO, huhesabu gramu 60 kwa kikao kimoja kuwa unywaji wa kupita kiasi. Hizo ni chupa tatu tu. Sasa kile kichupa kidogo cha pombe kali cha mililita 250, chenye nguvu ya asilimia 40, ambacho huingia mfukoni na ambacho wanafunzi hukiita "kwota," kina karibu gramu 80. Ni sawa na bia nne.

Ini la mtu mzima huondoa gramu 7 hadi 10 hivi kwa saa. Kwa hivyo kijana anayemaliza kichupa hicho saa sita usiku bado ana pombe mwilini anapoingia darasani saa mbili asubuhi. Kahawa, supu ya mifupa na kuoga maji baridi haviliharakishi ini hata kidogo. Humfanya mlevi awe mlevi aliye macho, basi.

Saba, huzuni iliyofichwa

Katika Eldoret, wengi wa watumiaji walisema walitumia ili kupumzika au kupunguza dhiki. Nilipomuuliza mgonjwa wangu ni lini unywaji wake ulipozidi, hakutaja sherehe yoyote. Alitaja matokeo ya muhula wa pili wa mwaka wa kwanza. Alikuwa wa kwanza katika shule yake ya upili, na kijiji kizima kilichanga ili aende chuoni. Huko chuoni akafeli masomo mawili. Hakumwambia mtu. Alianza kukosa usingizi, akagundua kwamba pombe humlaza.

Ni kweli pombe humlaza mtu, lakini humwamsha alfajiri moyo ukimdunda, na kesho yake huzuni huwa kubwa zaidi. Kijana anayekunywa na wenzake siku ya sherehe ana hatari zake. Anayekunywa peke yake chumbani ili asahau ana hatari kubwa zaidi, na mara nyingi ugonjwa wake wa kwanza ni huzuni, na pombe ni wa pili. Ukitibu pombe na kuiacha huzuni, hujatibu kitu.

Je, wasichana?

Kwa muda mrefu kuwa mwanamume kulikuwa miongoni mwa dalili kubwa za unywaji. Katika vyuo vingi pengo hilo limekuwa likipungua. Binti anapaswa kujua kwamba mwili wa mwanamke una maji machache kuliko wa mwanamume wa uzito sawa, hivyo kiasi kile kile cha pombe humpanda zaidi na kumdhuru ini mapema. Kushindana na wavulana chupa kwa chupa si usawa. Ni hasara.

Kinga nazo zipo

Msomaji asidhani kwamba dalili zote ni za shari. Kuna mambo ambayo tafiti zimeyaona yakiwakinga wanafunzi. Dini anayoifuata kijana kwa hiari yake ni kinga. Kuwa na jambo analolipenda, kama vile michezo, muziki au kazi ya kujitolea, husaidia, mradi tu timu yenyewe isiwe na desturi ya kusherehekea kwa kreti. Na kinga mojawapo iliyo kubwa ni mzazi anayejua mwanawe yuko wapi na yuko na nani, na ambaye mwanawe anaweza kumpigia simu akiwa taabani bila kuogopa matusi.

Kama mgonjwa wangu angaliweza kumwambia mamaye, "Mama, nimefeli," huenda tusingalikutana Jumatatu ile.

Jipime mwenyewe

Yapo maswali manne ambayo madaktari wameyatumia tangu miaka ya themanini. Yajibu kwa ukweli, hakuna anayekuona:

1. Je, umewahi kuhisi kwamba unafaa kupunguza unywaji wako?

2. Je, watu wamewahi kukuudhi kwa kukukosoa kuhusu pombe?

3. Je, umewahi kujihisi mwenye hatia kwa sababu ya kunywa?

4. Je, umewahi kunywa asubuhi, kabla ya jambo lolote, ili kutuliza mwili au kuondoa uchovu wa jana yake, yaani kile ambacho vijana hukiita "kutoa loku"?

Ukijibu "ndiyo" mara mbili au zaidi, mwone daktari au mshauri. Kwa kuwa maswali haya humkosa mwanafunzi anayelewa wikendi pekee, mimi huongeza la tano: katika mwezi uliopita, ni mara ngapi ulikunywa bia tatu au zaidi kwa kikao kimoja? Jibu lolote linalozidi sifuri linastahili mazungumzo.

Onyo moja muhimu. Mtu ambaye amekuwa akinywa kwa wingi kila siku asiache ghafla peke yake. Anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa na hata kupatwa na kifafa. Aende hospitali aachishwe chini ya uangalizi. Namba ya simu ya NACADA, 1192, haitozwi malipo, na mshauri atamwelekeza.

Mwenzako akizima

Rafiki za mgonjwa wangu hawakuwa watu wabaya. Hawakujua tu. Mwenzako akilewa hadi asiamke unapomwita na kumfinya, akipumua polepole au kwa vipindi, akiwa baridi au midomo ikibadilika rangi, hajalala. Amepata sumu. Mlaze kwa ubavu ili akitapika asisakamwe, usimpe chochote mdomoni, usimwache peke yake, na mpeleke hospitali mara moja. Anayetapika damu apelekwe usiku huo huo, asingoje Jumatatu. Na yeyote anayelalamika kwamba haoni vizuri baada ya kunywa pombe ya bei rahisi isiyojulikana ilikotoka, huenda amekunywa methanoli, sumu iliyowaua Wakenya zaidi ya 100 mjini Nairobi Novemba 2000 na ambayo imeua wengine tena na tena tangu wakati huo. Huyo naye asingoje mapambazuko.

Swali la pili la mama

Kijana yule nilimpeleka katika hospitali kubwa siku hiyo hiyo, akachunguzwa tumbo, akaongezwa damu, akapona. Alipumzika mwaka mmoja, akapata ushauri wa kila wiki, akarudi chuoni. Bado huja kuniona. Kuna miezi ambayo hushinda na kuna mwezi mmoja aliposhindwa, na aliposhindwa alinipigia simu mwenyewe. Kwangu hilo ni jambo kubwa.

Lakini ninalolikumbuka zaidi ni swali la mamaye siku ile ya kwanza, baada ya kunisikiliza. Alinyamaza kwa muda, akifuta macho kwa ncha ya leso yake, kisha akaniambia, "Daktari, nyumbani nina msichana wa kidato cha tatu. Huyo nimfanyie nini?"

Nilimwambia aende nyumbani ampikie chai, waketi wawili, amweleze kuhusu babu yake ambaye hakuna anayemtaja, kisha amuulize anachokijua kuhusu pombe na amsikilize bila kumkatiza. Mimi nami tangu siku hiyo humuuliza kila kijana anayeingia kliniki yangu, awe wa kanisani, awe wa msikitini, awe mtoto wa rafiki yangu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukasirika. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, na huyu wa kidato cha tatu angali mbichi.

Wako je, umemuuliza?